Vitabu vya msimu, na vile vilivyokatazwa

Nakala yangu ya riwaya ya Rosa Mistika ukiiweka mezani inafunguka yenyewe. Haifunguki mwanzo, haifunguki mwisho. Inafunguka pale ambapo kila aliyeikodi alipatafuta kwanza. Mgongo umevunjika hapo, kurasa mbili zimegeuka rangi ya chai, na kuna mtu kapiga mistari kwa wino mwekundu bila haya. Kurasa za mwisho, ambako uchungu wenyewe uko, hazina hata alama ya kidole.

Nina kibanda cha stesheni na fotokopi hapa Mtwara mjini, si mbali na soko kuu, na pembeni ya mashine nina rafu ya vitabu ninavyokodisha kwa wiki. Wengi wanaovichukua walikuja kwa mambo mengine. Mtu kaja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, umeme umekatika, anasubiri, anaanza kupekua. Ndipo lile swali: "Dada, hapa kipi kizuri?" Sijibu kabla sijajua ana nafasi kiasi gani mwezi huu, na nyumbani kwake nani mwingine atakishika. Vile vilivyowahi kukatazwa vinaulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo naanza navyo, kwa sauti ya kawaida.

Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Ikapigwa marufuku mashuleni kwamba inaharibu maadili, na baadaye ikarudi kusomwa. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, na ukali alionao wote kaumalizia kwa mabinti zake. Barua moja tu ya mvulana aitwaye Charles inatosha mtoto apigwe kipigo cha mwizi. Rosa anakwenda shule ya bweni hawezi hata kumtazama mwanamume usoni. Halafu woga ule unageuka. Sitamwaga yote, ila kuna Deogratias, mwanamume mwenye cheo na maneno matamu, kuna mimba na kuna kutoa mimba, na mwishoni mwandishi anatupandisha mpaka mbele ya Mungu kusikiliza kesi.

Bibi yangu wa Mikindani ni kungwi. Kusoma hajui, masikio anayo. Mvua za Januari zilipotufungia ndani nikamsomea, tena nikiruka pale panapofunguka penyewe, akanistukia: "Umeruka hapo. Rudi." Tulipofika kwenye kipigo cha barua akauliza, "Kwa barua?" Tulipofika shuleni akanisimamisha. "Ngoja kwanza. Huyu mtoto nani alimfunda?" Nikamwambia, bibi, hakuna, baba alikuwa anampiga tu na mama anaogopa. Akasema niendelee, keshajua. Nilipofunga kitabu akajipangusa uso na ncha ya kanga. "Hakuchezwa huyo. Kachapwa." Kuchezwa kwetu ni kufundwa unyagoni.

Nimesoma maelezo mengi juu ya riwaya ile, ya walimu na ya wasomi, na sijaona aliyeimaliza kwa maneno machache namna hiyo. Waliokataza kitabu walisema mambo haya hayafai kuambiwa binti. Sasa njoo kwetu Kusini. Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wamakua, binti anapelekwa unyagoni, anawekwa chini na watu wazima, anaambiwa. Anaambiwa kwa nyimbo na kwa ngoma, na kwa mengine ambayo si ya kuandikwa hapa. Kwa hiyo hoja ya kwamba mila zetu zinataka binti asijue kitu, mimi sijui ni mila za nani. Za Zakaria, labda.

Na sisemi unyago wetu hauna lawama. Wapo wanaopeleka watoto wadogo mno, mtoto anatoka ndani anaona keshakuwa mke wa mtu, daftari anatupa. Na zipo sherehe zinazokula fedha yote ya korosho, Januari ikifika ada hakuna. Hayo tuyaseme. Ila mtu aliyewahi kufundwa na mtu aliyechapwa hawafanani, na riwaya nzima imesimama kwenye tofauti hiyo. Kumbukeni pia kwamba hapa Tanzania, binti aliyepata mimba akiwa shule ya serikali hakuwa na njia ya kurudi darasani mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza wanaruhusiwa. Miaka hamsini baada ya kitabu kutoka. Mwandishi alikuwa anaandika habari za mabinti waliokuwa wanafukuzwa kweli, na kilichokatazwa kikawa kitabu.

Kasoro kinazo. Kezilahabi ana haraka. Anamtoa Rosa kwenye woga na kumtia kwenye ujuba kabla hatujashika pumzi. Halafu wanaume. Bibi aliliona hilo upesi kuliko mimi: kila mwanamume katika kitabu kile anachukua chake na kuondoka, na kitabu kinabaki kumsimamia Rosa peke yake. Sijajua kama mwandishi alikusudia tukasirike au alikuwa naye anamlaumu. Ninavyokisoma leo, nakasirika.

Masharti yangu: simkodishi aliye chini ya kidato cha tatu. Mzazi akija, namwambia akisome yeye kwanza, kisha ampe bintiye, kisha amuulize Zakaria alikosea wapi. Wapo waliokuja kunishukuru. Yupo baba mmoja alikirudisha siku ya pili bila kusema neno, akalipa, akaenda zake.

Kukataza vitabu si habari za kina Kezilahabi tu. Februari 2023 Wizara ya Elimu, kwa tamko la Waziri Profesa Adolf Mkenda, ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi. Vingine katika orodha ile ukisoma jina tu unamwelewa mzazi aliyeshtuka. Ila ndani yake kulikuwa na Diary of a Wimpy Kid ya Mmarekani Jeff Kinney, na mara wazazi ambao hawakuwahi kukisikia wakaanza kuniuliza kama ninacho. Sinacho. Nilikisoma kwa kuazima: kitoto kinaitwa Greg, kivivu, kiongo, kinamuonea rafiki yake Rowley, na kila ujanja wake unamrudia usoni. Michoro mingi, Kiingereza chepesi. Kwa mtoto anayekichukia Kiingereza kingemsaidia kuliko vitabu vya sarufi ninavyouza. Lakini tamko ni tamko, mtoto asikipeleke shule akamtia mwalimu matatani.

Hukohuko Marekani wana wiki yao kila mwaka tangu 1982 ya kusoma vitabu vilivyokatazwa au kulalamikiwa. Tungekuwa na yetu Afrika Mashariki ningempanga Kezilahabi katikati na kando yake Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Ninayo Shetani Msalabani, ambayo kwa Kikuyu aliiandika gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni. Wezi na wanyang'anyi wanakutana pangoni kushindana nani kawaibia wananchi kwa ustadi zaidi, na kila mmoja anapanda jukwaani kujinadi. Inachekesha mpaka inatia hasira. Ni nene, na Kiswahili chake kina mikwaruzo ya tafsiri, lakini sehemu ya pango peke yake inalipa.

Sasa misimu, maana kitabu kizuri kwa mwezi mbaya hurudi na kurasa kumi zimesomwa.

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, watu wana hela na hawana muda. Anayekwenda Tandahimba au Newala kushinda ghalani akisubiri gunia zake zipimwe anataka kitu cha kusomwa vipande vipande, anakatishwa, anarudi, hajapotea. Hapo natoa hadithi za mpelelezi Bwana Msa bila kufikiri. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na haijachuja. Bwana Msa na kiko chake hana haraka na mtu; anavuta, anauliza swali la kijinga, na swali lile la kijinga ndilo linalomnasa mtu. Kiswahili cha Unguja kile, kinataka kusomwa kwa masikio. Vijana waliozoea mapanga na bastola watalalamika kwamba hakuna anayekimbizwa. Waache.

Msimu huohuo natoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Kitabu chenyewe cha George Orwell ni cha 1945, na kwa Wasovieti hakikuruhusiwa kuchapwa mpaka utawala wao unakaribia kuisha. Chembamba, usiku mbili umemaliza. Wanyama wanamfukuza bwana shamba, wanaandika sheria ukutani, halafu nguruwe wanaanza kuzirekebisha usiku. Kila anayekirudisha baada ya mkutano wa chama cha msingi cha ushirika ananinong'oneza nguruwe ni nani. Bado sijasikia watu wawili wakitaja jina moja. Mmoja alikikodi mara mbili, akasema anataka kuhakikisha.

Mvua zikishika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, barabara za huko ndani zinakuwa utelezi, mjini biashara inalala, na hapo ndipo pa kitabu kinene. Peponi, bila mjadala. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Akapata Tuzo ya Nobel 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Bei iliniuma, nikaona aibu kutokuwa nayo.

Yusuf ni mtoto mdogo. Ami Aziz, tajiri mfanyabiashara, anakuja kwao kila mara, anakula vizuri, anampa mtoto sarafu akiondoka. Siku moja anaondoka naye. Mtoto hajui kwamba si ami yake, wala hajui kwamba baba yake kamweka rehani kwa deni. Sura ile ya kituo cha treni nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri kopi, na mmoja, mwanamume mzima, akatoka nje kwenda kuangalia bodaboda yake ambayo haikuwa na tatizo. Baadaye ni safari ya msafara kwenda bara, mizigo, magonjwa, machifu wenye hasira, na Wajerumani wanakaribia pole pole kwenye kila ukurasa bila kuonekana sana.

Mtu wa Mikindani au wa Kilwa hana haja ya kuelezwa misafara ile. Ilitoka pwani hii hii kwenda Ziwa Nyasa, na ilirudi na watu. Gurnah hapigi kelele juu ya hilo. Anakuonesha bustani nzuri, maji yanatiririka, makomamanga, na anayeitunza ni mtumwa, na inakuchukua muda kugundua kwamba wote mle ndani ni watumwa wa namna moja au nyingine. Tafsiri imekaa. Mazungumzo yanakwenda kipwani, kwa adabu na kejeli zake, hata unasahau kwamba mwandishi aliyaandika kwa lugha nyingine. Katikati safari inachosha kidogo, mabonde yanafuatana. Vumilia. Mwisho wake ni wa ghafla na kuna watu wamekuja kunigombeza, eti kurasa zimekatika. Hazijakatika.

Hilo la kurasa nalisema kwa sababu kweli zipo nakala zinazokatika. Mchuuzi mmoja aliniuzia tamthilia ya Kinjeketile ya kurudufu, jalada linang'aa, ndani kurasa nane zimejirudia na nane hazipo, nami nikaikodisha kwa kundi la wanafunzi waliokuwa wanaandaa igizo. Ukinunua kitabu barabarani kipekue namba za kurasa palepale, mbele ya muuzaji, na utazame kama maandishi yamefifia pembeni. Kama una mtu Dar es Salaam, mwambie apite duka la vitabu la kweli akutumie kwa basi. Nauli ya kifurushi haizidi hasara.

Kinjeketile yenyewe ni ya Juni hadi Agosti, wakati mikorosho inapuliziwa salfa na watu wamechoka, wanataka kitu kifupi chenye uzito. Ebrahim Hussein ni mtoto wa mkoa wa Lindi, na tamthilia hii ilitoka 1969. Vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani ilianzia huku: Julai 1905 pale Nandete, kwa Wamatumbi, wilaya ya Kilwa ya sasa, watu waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kinjeketile Ngwale wa kwenye historia Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndiyo kwanza inaanza. Hussein amemwacha hai mpaka mwisho, na sababu yake ni nzito. Kinjeketile wake alileta maji ya dawa, ya kuzuia risasi, ili watu wenye makabila mbalimbali wawe kitu kimoja. Wakaungana, na sasa hawamsikilizi akisema subirini. Neno limemtoka, limekuwa la watu. Mwisho anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo, apone, naye anajua nini watoto watakaozaliwa baadaye watasikia akilisema.

Isomeni kwa sauti, mkigawana wahusika. Ukiisoma peke yako kimya inakuwa kavu, hasa mwanzoni pale wanawake wanapolalamikia chakula na kodi. Ikitamkwa, njaa ile inasikika. Mzee mmoja wa Chuno, mkulima, huja kusikiliza tu, hasomi. Wanafunzi walipofika kwenye shamba la pamba alikuwa anabangua korosho zake za kuchoma, akasema bila kuinua kichwa, "Sisi angalau hili zao tumelipanda wenyewe." Kisha akafikiri. "Bei ndiyo hatuijui."

Vingine kwa haraka. Ramadhani natoa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert kwa wenye watoto: Adili, liwali mwema, ana manyani wawili anaowachapa kila usiku huku analia, na mfalme anataka kujua kwa nini. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Hadithi inatosha jioni chache baada ya tarawehe, na mafunzo yake yako wazi mno kwa mtu mzima, ila watoto wanayapenda hivyohivyo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliimaliza Aprili 2019, tulipoambiwa tufunge biashara kwa ajili ya Kimbunga Kenneth, ambacho mwishowe kiliwapiga wenzetu wa Msumbiji. Yasmin aliyeozwa mtoto kwa mzee, Denge na siasa zake za chini kwa chini, Mwajuma ambaye ni rafiki kila mwanamke angetaka kuwa naye. Aliyeona filamu ya Amil Shivji ya 2021 asidhani kamaliza; kitabu kina vicheko ambavyo filamu haikuvibeba. Kumbukumbu za Benjamin Mkapa, mwenyeji wetu wa Lupaso, Masasi, ninazo kwa Kiingereza, My Life, My Purpose ya 2019. Sura za utoto huko Lupaso ndizo zinazokodiwa. Za mashirika ya umma zinarudi hazijaguswa.

Haini, ya huyohuyo Adam Shafi, naiweka rafu ya juu. Ni ya Zanzibar baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, watu wanakamatwa, wanateswa, na Hamza yuko ndani hajui kosa lake ni lipi. Sijui aliyeikataza, ila najua wanaoikataa: wanafungua, wanasoma sura mbili, wanairudisha siku hiyohiyo na kuchukua Bwana Msa badala yake. Siwalaumu, na hela ya wiki nawarudishia nusu. Anayeitaka aniambie nimshushie, na asiianze usiku.